Hadithi isiyo na mwenyewe: safari ya kejeli za simu hadi Kasese na Bwera

Machi 2018, Rais Yoweri Museveni alimwandikia barua waziri wake wa fedha akilalamikia umbea wa mitandaoni, akataka wanaoupiga waulipie. Julai 1 mwaka huohuo kodi ikaanza. Kila Mganda aliyetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter alitakiwa kulipa kwanza shilingi 200 kwa siku. Kodi ikaitwa OTT. Watu wakaijibu kwa kupakua VPN na kwa kucheka. Mamlaka ya mapato ilikuwa imepanga kukusanya shilingi bilioni 284 katika mwaka wa kwanza. Ikaambulia kama bilioni 50. Mwaka 2021 OTT ikafutwa, bando za intaneti zikawekewa ushuru wa asilimia 12.

Kwa mtu wa Bwera kodi hiyo ilikuwa na kituko chake. Bwera, katika wilaya ya Kasese, iko pembeni mwa Mpondwe, na Mpondwe imetenganishwa na Kasindi ya Kongo kwa mto Lhubiriha. Wanaovuka daraja kwenda na kurudi ni watu wa damu moja: upande huu Wakonzo, upande ule Wanande, na katikati yao biashara inayoendeshwa kwa Kiswahili. Kichekesho kilekile, kwa maneno yaleyale, kilitozwa shilingi 200 upande mmoja wa daraja na upande wa pili hakikutozwa hata senti.

Nimeanza na kodi hiyo kwa sababu inaonyesha jambo ambalo historia ya kejeli Afrika Mashariki imelizunguka kwa muda mrefu. Serikali haikuwahi kutoza kodi hadithi za sungura. Hadithi za sungura zilikuwa na makali yote ya kejeli za leo: mnyonge anamzunguka simba, mfalme anaumbuka mbele ya raia wake, tajiri anaachwa mikono mitupu. Lakini msimulizi alikuwa na kinga. Hadithi si yake. Aliipata kwa bibi yake, naye bibi aliipata kwa bibi yake. Chifu aliyejiona ndani ya simba angemshitaki nani?

Hadithi za namna hiyo zilianza kuingia vitabuni mapema. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili alizozisikia Unguja, na humo ndani yumo kima anayemponyoka papa kwa kumsimulia habari za punda wa dobi. Kuanzia 1923 gazeti la Mambo Leo la Tanganyika likawafungulia mlango wasomaji wa kawaida: walimu, makarani na wanafunzi walituma barua, mashairi na visa vyao, vikachapishwa. Hapo mwandishi asiye na cheo alipata furaha ya kuliona jina lake gazetini. Na pale jina lilipokaa chini ya maneno, kinga ya zamani ikaondoka.

Kasese ilikipata Kiswahili kwa njia yake yenyewe. Reli kutoka Kampala ilifika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi ukawakusanya wafanyakazi wa makabila mengi waliohitaji lugha ya kuelewana. Idi Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, Waganda wengi walikisikia kama lugha ya mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani. Huko Kasese na Bwera kilikuwa na sikio jingine pia: sikio la mgodini, la gulioni na la turnboi wa lori linalosubiri karatasi za forodha. Kicheko kinakaa vizuri katika lugha ya aina hiyo, kwa kuwa kila mmoja ameazima na hakuna wa kumkosoa mwenzake.

Wakati huo Kampala ilikuwa tayari imeonja gharama ya kuandika kwa jina. Rajat Neogy, mzaliwa wa mji huo, alianzisha jarida la Transition mwaka 1961, nalo likawa uwanja wa wasomi kubishana na kukejeliana bila woga. Oktoba 1968 serikali ya Milton Obote ilimkamata pamoja na Abu Mayanja, mbunge aliyekuwa ameandika humo kuhusu uteuzi wa majaji. Jarida likahamia Ghana. Miaka ya Amin ilikuwa mibaya zaidi: Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia na mkurugenzi wa jumba la taifa la maigizo, aliuawa mwaka 1977. Uchochezi ulibaki kuwa kosa la jinai hadi Agosti 25, 2010, Mahakama ya Katiba ilipoufuta katika kesi ya mwanahabari Andrew Mwenda.

Mwaka huo wa 2010 mtu aliyekuwa na uchungu wa kuandika hakumhitaji mhariri tena. Alihitaji simu na salio. Mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zamu ya usiku, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria, wote waliweza kutunga kisa cha aya tatu na kukirusha kwa watu mia kabla chai haijapoa.

Na Kasese haina uhaba wa mambo ya kuandikwa. Kasenyi, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, kimezungukwa na hifadhi ya Queen Elizabeth, na tembo au kiboko anaweza kuingia shambani bila hodi huku mwenye shamba akikatazwa kuingia hifadhini. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, na baada ya mafuriko huja ahadi. Yupo mwenyekiti wa kijiji (LC1) na mhuri wake, mchungaji na gari lake, afande na kitu kidogo chake. Halafu yupo mgombea anayekumbuka njia ya kijijini msimu wa kura, akiwa na sabuni, sukari na chumvi za kugawa.

Hebu tuangalie kisa cha aina hii kinavyojengwa. Mfano huu nautunga mimi hapa, ila umbo ni la watu wote. Mgombea anafika Katwe, mahali ambapo watu wamevuna chumvi ziwani tangu enzi za mababu. Anapanda juu ya gari, anahutubia saa nzima, kisha anagawa chumvi, kila mtu nusu kilo. Bibi mmoja anapokea mfuko wake, anaufungua, anachovya kidole, anaonja, anatikisa kichwa. "Mwanangu," anamwambia, "hii si ndiyo niliyokuuzia wiki iliyopita?" Kisa kimekwisha. Hakuna chama kilichotajwa, wala jina la mtu, na hakuna tusi hata moja. Lakini kila mwenye chumvi ndani anajua anayesemwa ni nani, na mgombea akilalamika atakuwa amejitaja mwenyewe. Huo ni ufundi wa sungura na simba, umehamia kwenye kioo cha simu.

Tofauti imebaki kwenye jina. Mwaka 2011 Uganda ilitunga sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, na kifungu chake cha 25 kikafanya mawasiliano yanayoudhi kuwa kosa. Tangu hapo swali la nani kaandika likawa swali la polisi. Kesi iliyolifikisha mbali kuliko zote ni ya akaunti ya Facebook iliyojiita Tom Voltaire Okwalinga, kwa ufupi TVO, iliyokuwa ikiwarushia wakubwa wa serikali habari na dhihaka bila kuonyesha sura. Juni 2015 mtaalamu wa kompyuta Robert Shaka alikamatwa akidaiwa kuwa ndiye. Alikana. Mwaka uliofuata wakili wa Kampala, Fred Muwema, ambaye naye alikuwa ameandikwa na TVO, alipeleka kesi Dublin, kwenye makao ya Facebook ya Ulaya, akitaka kampuni ilazimishwe kumtaja mwenye akaunti. Jaji alikubali kwanza. Baadaye uliletwa ushahidi kwamba mtu huyo akijulikana maisha yake yatakuwa hatarini, na mwaka 2017 jaji akakataa jina litolewe. Mahakama ya rufaa ilikubaliana naye mwaka 2018. Mahakama ya Ireland ikampa mwandishi wa Uganda kinga ambayo zamani bibi msimulizi aliipata kwa kusema tu kwamba hadithi ameisikia.

Katikati ya miaka hiyo Kasese ilipata siku ambazo hazikuwa na nafasi ya kicheko. Novemba 26 na 27, 2016, kulitokea mapigano, na vikosi vya serikali vikaishambulia ikulu ya Omusinga (mfalme) wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere. Zaidi ya watu 100 waliuawa. Joy Doreen Biira, mtangazaji wa televisheni ya KTN ya Kenya aliyekuwa amerudi nyumbani Kasese kwa sherehe ya kifamilia, alikamatwa baada ya kuweka Instagram habari za ikulu ikiungua, akatuhumiwa kusaidia ugaidi. Kesi hiyo ilifutwa baadaye. Lakini kwa wanaoandika kwa simu chini ya milima ya Rwenzori funzo lilikuwa limeshaingia: kama picha ya moto ulioonekana na mji mzima inaweza kukupeleka rumande, mzaha je?

Yaliyofuata Kampala yaliwathibitishia. Stella Nyanzi, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alihukumiwa kifungo cha miezi 18 Agosti 2019 kwa shairi aliloliweka Facebook kuhusu kuzaliwa kwa rais. Mahakama Kuu ilimwachia huru Februari 2020. Julai mwaka huo likakamatwa kundi la wachekeshaji la Bizonto. Walikuwa wamewaomba wananchi wawaombee viongozi, wakawataja mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeshindwa kuona kwamba wengi wa waliotajwa walitoka upande mmoja wa nchi, magharibi. Kichekesho hicho kilikuwa na uzito wa pekee kwa Kasese. Kwenye ramani Kasese ni magharibi kabisa, lakini katika hesabu ya vyeo watu wake hawajawahi kujiona miongoni mwa wanaosemwa. Kakwenza Rukirabashaija, aliyetunga riwaya ya kejeli, alikamatwa 2020, akakamatwa tena Desemba 2021 kwa sababu ya maneno ya Twitter kuhusu rais na mwanawe, na Februari 2022 akakimbilia Ujerumani.

Januari 10, 2023, Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25, katika shauri ambalo Robert Shaka yuleyule alikuwa mmoja wa walalamikaji. Miezi mitatu baadaye mchora vibonzo na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika Waganda wachangie maonyesho ya mashimo ya barabarani kwenye Twitter. Maelfu wasio na kazi ya uandishi walileta picha na maelezo ya kuvunja mbavu, kila mmoja akilisifia shimo la mtaani kwake, na rais akaagiza Kampala ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Nadhani hakuna kipindi ambacho kejeli ya raia wa kawaida ilizaa matunda haraka namna ile. Mlango haukuwa umefunguka wote, hata hivyo. Marekebisho ya sheria ya Oktoba 2022 yalikuwa yameshaleta makosa mapya, na Julai 2024 mahakama ya Entebbe ilimfunga kijana wa miaka 24 miaka 6 kwa video za TikTok zilizomgusa rais na familia yake.

Hivyo waandishi wamerudia njia ya bibi. Kisa kinatungwa, kinarushwa kwenye kundi moja, kinanakiliwa bila jina, kinavuka Mpondwe, kinapata maneno mawili ya Kifaransa Kasindi, kinarudi Bwera kikiwa mali ya umma. Mtunzi anakisoma kwenye simu ya jirani na anacheka kama mgeni. Ni kinga, nami siwalaumu wanaojificha nyuma yake. Linaloniuma ni kwamba visa hivyo vinapotea. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na maandishi ya miaka mingi yakabaki nyuma ya VPN. Vilivyo kwenye WhatsApp vinafutwa simu ikijaa. Visa vya Unguja vya 1870 tunavyo mpaka leo kwa sababu mtu alikaa chini akaviandika. Vya Bwera vya 2018, vya siku ile kicheko kilipowekewa bei, havina mwandishi wa namna hiyo. Daftari moja la mwalimu lingetosha kuanzia: kisa, tarehe, mahali kiliposomwa, na jina la mtunzi libaki wazi mpaka siku mwenyewe atakapotaka liandikwe.