Lugha ya Mbeleko: Wazazi wa Watoto Wadogo katika Historia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Historia ya Kiswahili imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata mikutano, kamati na kamusi. Tunaanza na uamuzi wa mwaka 1928, mjini Mombasa, wa kuifanya lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Tunaendelea na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, kisha tunafika kwenye Baraza la Kiswahili la Taifa la mwaka 1967 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Hayo yote ni kweli, na mimi mwenyewe nimeyafundisha kwa miaka mingi. Hata hivyo, simulizi hiyo ina upungufu mmoja mkubwa: haina mtoto ndani yake. Hakuna kamati iliyowahi kumbembeleza mtoto anayelia saa nane za usiku.

Katika mhadhara huu nitajaribu kuonyesha kwamba tukio lililokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kwanza ya mamilioni ya watu lilitokea nyumbani, mikononi mwa wazazi wa watoto wadogo, wengi wao wakiwa hawajui kuwa wanaamua jambo lolote. Nitaonyesha pia kwamba uamuzi huo ulikuwa na gharama, na kwamba uamuzi mwingine wa aina hiyo hiyo unafanyika leo majumbani mwetu.

2.0 Malezi katika Maandishi ya Awali

Katika mwambao, Kiswahili kilikuwa lugha ya malezi tangu zamani. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Mshamu yapata mwaka 1858, ni wasia wa mama kwa bintiye. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert alifuata njia hiyo alipomtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Tunapaswa kutambua, hata hivyo, kwamba tenzi hizo humsemesha mtoto aliyekwisha kupata fahamu, anayeweza kukaa kitako akasikiliza.

Aliyetuachia habari za mtoto mchanga ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903, kinaanza na mimba, uzazi na malezi kabla ya kufika kwenye biashara na utawala. Mpangilio huo una maana. Kwa mwandishi yule, anayetaka kuwafahamu Waswahili aanze pale ambapo Mswahili mwenyewe huanza.

3.0 Ushahidi wa Msamiati

Maandishi yanaponyamaza, maneno yenyewe husema. Tuchukue neno mbeleko, linalotokana na kitenzi kubeleka, yaani kubeba mtoto mgongoni. Mbeleko ni ile nguo ya kubebea. Mkaja nao ni kitambaa anachojifunga mama tumboni baada ya kujifungua. Lakini maneno haya mawili hurudi miaka mingi baadaye, siku ya posa: mkaja na mbeleko ni zawadi anazopewa mama wa bibi arusi. Kwa maneno mengine, lugha imeweka kumbukumbu ya deni. Anayemchukua binti hukumbushwa kwamba kuna mgongo uliombeba.

Hali kadhalika neno mzazi. Katika matumizi ya pwani lilimhusu pia mwanamke aliyejifungua karibuni, ambaye bado yumo katika arobaini yake. Mtoto anayejaribu kusimama kwa mara ya kwanza, Kiswahili kina neno lake peke yake: husimama dede. Na mtoto akishazaliwa, wazazi hupoteza majina yao. Tangu siku hiyo huitwa Mama Asha na Baba Asha, hata na majirani wasiojua majina yao ya awali.

Majina ya undugu nayo yana historia yake. Roman Jakobson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1960, alieleza kwa nini lugha nyingi duniani zina maneno kama mama na papa: hujengwa kwa sauti ambazo mtoto huzimudu mapema, na wakubwa huzipokea na kuzipa maana. Tazama safu yetu: mama, baba, babu, bibi, dada, kaka. Yote ni ya silabi mbili zinazofanana au kukaribiana. Maneno mengine ya zamani, kama nina kwa maana ya mama, na umbu kwa maana ya ndugu wa jinsia tofauti, leo tunayakuta zaidi katika ushairi na kamusi.

4.0 Ua wa Nyumba

Je, lugha hii ya mwambao iliingiaje katika vyumba vya kulala vya watu wa bara? Shule, siasa na redio zilifanya kazi kubwa, lakini naomba tutazame pia ua wa nyumba. Katika mitaa kama Kariakoo, Dar es Salaam, ilijengwa ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na nyuma ua wenye jiko na choo. Kila chumba kiliweza kuwa na familia yake, na kila familia na lugha yake. Wazazi waliweza kufunga mlango wakaongea Kingoni au Kinyamwezi. Watoto hawakuweza, kwa sababu watoto hawakai chumbani. Walikutana uani, wakacheza kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na jioni wakairudisha lugha hiyo ndani.

Kwa hiyo mara nyingi mtoto ndiye aliyebadilisha lugha ya nyumba, na mzazi akamfuata. Ndoa za watu wa makabila tofauti ziliongeza kasi hiyo, kwani Kiswahili hakikuwa cha upande wowote.

Jambo la kuvutia ni kwamba wazazi hawa walibadili lugha lakini hawakubadili namna ya kusema na mtoto. Katika jamii nyingi za bara mtoto hupewa jina la babu au bibi yake. Ndiyo maana tunamsikia baba akimwambia mwanawe wa miaka miwili, "Pole, baba," na mama akimwita bintiye, "Njoo, mama." Mgeni hushangaa. Kwetu sisi, aliyejikwaa pale ni mtoto na ni mzee kwa wakati mmoja.

5.0 Gharama

Sasa naomba ruhusa nitoe mfano wa nyumbani kwangu. Mimi nililelewa kwa Chasu katika milima ya Upare. Mwenzangu alilelewa kwa Kihehe. Tulipopata mtoto wa kwanza, katika miaka ya 1990, hatukukaa kikao kuamua tumsemeshe kwa lugha gani. Kiswahili ndicho tulichopendania, na ndicho alichokipata.

Marehemu mama yangu alikuja kutusaidia wakati wa arobaini. Alimwogesha mjukuu, akamkanda, akambembeleza kwa Chasu hadi akalala. Mtoto mchanga hadai mkalimani. Miaka minane baadaye tulimpeleka mtoto yule kijijini, na usiku ule mama alimsimulia hadithi ambayo mimi mwenyewe nilisimuliwa kando ya mafiga yale yale. Mtoto alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akanigeukia: "Baba, Bibi amesema nini?" Nilitafsiri. Hakucheka, kwa sababu mahali pa kuchekea palibaki kwenye Chasu. Mama alitutazama sote wawili, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Basi, mkalale."

Wakati huo tasnifu yangu kuhusu ngeli za Chasu ilikuwa imekwisha kukubaliwa, na ilikuwa imekaa rafuni. Nilikuwa pia nimesoma kitabu cha Joshua Fishman cha mwaka 1991, kinachosisitiza kwamba lugha isiyopokezwa nyumbani haiwezi kuokolewa na shule peke yake. Niliyajua yote hayo, na nilikuwa baba wa mtoto yule.

Simlaumu mzazi yeyote, wala sisemi kwamba tulikosea kumpa mtoto Kiswahili. Watoto wa ua mmoja walipata lugha moja, na hilo ni jambo ambalo nchi nyingi hulitamani. Ninachosema ni kwamba gharama yake haijaandikwa. Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania, kazi ya thamani kubwa. Atlasi huonyesha lugha inazungumzwa wapi. Haiwezi kuonyesha ni katika chumba gani ilikoma.

6.0 Dada

Tangu miaka ya 1990, shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zilipoanza kuongezeka, baadhi ya wazazi wa mijini wameanza kuwasemesha watoto wachanga kwa Kiingereza. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, kama sisi tulivyofanya. Lakini mzazi huyo huondoka alfajiri na kurudi usiku. Anayebaki na mtoto ni msichana wa kazi, ambaye mtoto humwita dada. Ndiye anayemlisha uji, anayemkataza kugusa jiko, anayemfundisha kusema "shikamoo". Hufanya yote hayo kwa Kiswahili, na pengine akiwa peke yake na mtoto humwimbia kwa lugha ya kwao. Neno dada limepanuka likambeba mwalimu wa lugha tusiyemtambua, na ambaye ujira wake aghalabu ni mdogo.

7.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Wanaisimu tumeishughulikia sana mimba ya Kiswahili, yaani asili yake, na tumeuacha ulezi wake.

Kwa wanafunzi walio mbele yangu nina ombi moja. Mtakapokwenda likizo, chukueni vinasa sauti. Ombeni ruhusa, kisha mrekodi namna wazazi, bibi na dada wa kazi wanavyosema na watoto wasiotimiza miaka mitatu: wanavyowabembeleza, wanavyowakanya, wanavyowaita. Anzeni na bibi. Mimi nina tasnifu nzima kuhusu lugha ya mama yangu, na sina hata dakika moja ya sauti yake akimbembeleza mjukuu.