Mamluki na Makato ya Ujira: Kutoka Kibra hadi Rubicon

Makala hii ilizaliwa na maneno matatu yaliyotamkwa katika ukumbi mmoja wa michezo ya video huko Gatina, upande wa Kawangware, jijini Nairobi. Ukumbi wenyewe ni wa mabati, una viti vya plastiki na televisheni chache, na mchezaji hulipa kwa kila mchezo. Kinachochezwa humo siku nyingi ni kandanda. Siku hiyo, hata hivyo, kijana mmoja alikuwa peke yake pembeni akicheza *Armored Core VI: Fires of Rubicon*, mchezo wa kampuni ya Kijapani ya FromSoftware uliotolewa tarehe 25 Agosti 2023, ambamo mchezaji huliendesha jitu la chuma na kupigana kwa niaba ya yeyote anayelipa. Nilimwuliza huyo aliye ndani ya jitu ni nani. Hakusema ni askari, wala shujaa, wala mamluki. Alisema ni mtu wa mkono.

Kwa msomaji asiyeijua Nairobi, mtu wa mkono ni yule anayemsaidia fundi katika kazi ya mjengo: huchanganya saruji, hupandisha mawe, na jioni hupokea ujira wa siku. Wakazi wengi wa Gatina huamka alfajiri kuvuka kwenda Lavington na Kileleshwa kuitafuta kazi hiyo. Jibu la kijana huyo lilinishughulisha kwa sababu lilikuwa hukumu ya kihakiki. Alikuwa amempa mhusika mkuu nafasi yake ya kitabaka kabla ya kumpa sifa nyingine yoyote. Katika makala hii tunadai kwamba hukumu hiyo ni sahihi, na kwamba historia ya mpiganaji wa kukodiwa katika sehemu zetu za Afrika ya Mashariki inaithibitisha. Kisa cha mamluki, kikisomwa vizuri, ni kisa cha hesabu ya ujira: nini kiliahidiwa, nini kilikatwa, na nani aliandika hesabu hiyo.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha leo mamluki ni askari anayepigania fedha, na matumizi yamepanuka hata mchezaji wa shule asiyestahili kuwamo katika timu huitwa mamluki. Lakini asili ya neno ni mzizi wa Kiarabu m-l-k, na maana yake ya kwanza ni mtu anayemilikiwa. Mamluki wa Misri, waliotawala kuanzia 1250 hadi 1517, walikuwa askari walionunuliwa utumwani, hata kama mwishowe walikuja kuwa masultani. Kiswahili kimeuhifadhi mzizi huo katika maneno kadhaa: milki, miliki, tamalaki. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba anayemiliki na anayemilikiwa wametoka katika tumbo moja la lugha.

Mwanafunzi wa tenzi atakuwa amekwisha kulikumbuka jina la utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi *kutamalaki* Mrima. Utenzi huo unahusu mapambano ya pwani dhidi ya Wajerumani, yale yaliyoongozwa Pangani na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Desemba 1889. Ni nani waliotumwa kuitamalaki Mrima? Hermann von Wissmann hakuja na jeshi la Wajerumani watupu. Maofisa walikuwa Wajerumani, lakini uti wa mgongo wa jeshi ulikuwa Wasudani wapatao 600 walioajiriwa Misri, pamoja na watu waliokusanywa Msumbiji na wengineo waliopatikana pwani. Watu hao hawakuwa na ugomvi wowote na Pangani. Walikodiwa. Kwa maneno mengine, waliotwaa milki kwa ajili ya wengine ndio waliokuwa karibu zaidi na ile maana ya zamani ya mamluki. Ushairi wetu wa vita, ambao ni hodari wa kusimulia imani, uhodari na hila, haukumpa mpiganaji wa namna hii nafasi ya kusema “mimi”. Yeye hutajwa kama sehemu ya kundi linalokuja.

Wala hatuna haja ya kwenda Pangani kumtafuta. Yupo Kibera, kilomita chache kutoka Gatina. Wanubi, ambao ndio waliokipa kitongoji hicho jina la Kibra, ni wazao wa askari wa Kisudani wa namna hiyo hiyo. Wazee wao walikuwa katika jeshi la Emin Pasha huko Ikwatoria. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua wengi wao kuitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki nchini Uganda. Tunasisitiza neno kampuni. Mwajiri wao wa kwanza upande wa Waingereza alikuwa shirika la biashara lenye wanahisa, na serikali ilikuja baadaye. Ujira wao ulikuwa mdogo, mara nyingi ulilipwa kwa nguo, na mara nyingi ulichelewa. Mwaka 1897, walipoamriwa kuanza safari nyingine ndefu chini ya Meja Macdonald wakiwa wametoka tu katika safari zilizowachosha, sehemu yao waliasi. Malalamiko yao, yakipunguzwa kufikia kiini chake, yalikuwa ya kibarua: kazi ni nyingi mno na malipo hayatoshi.

Neno kibarua nalo lina historia yake. Ni udogo wa barua, yaani ile karatasi ndogo ya kazi, na katika Zanzibar ya karne ya 19 vibarua walikuwa kwa kiasi kikubwa watumwa waliokodishwa kwa siku, ambao sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Hivyo maneno mawili tunayoyatumia leo kwa mtu huru anayeuza nguvu zake, moja vitani na moja kazini, yote mawili yamebeba kumbukumbu ya mtu asiyejimiliki. Wapo wenzetu watakaosema kwamba etimolojia si uhakiki, na hilo ni kweli. Lakini hapa etimolojia inatupa swali la kuupeleka katika matini, nayo matini inalijibu.

Mchezo wa kwanza wa *Armored Core* ulitolewa Japani mwaka 1997. Michezo mingine ya majitu ya chuma yenye mamluki ilikuwapo kabla yake. *MechWarrior* ya mwaka 1989, kwa mfano, ilimfanya mamluki wake kuwa mwana wa ukoo mtukufu aliyeuawa jamaa zake, anayekodiwa hapa na pale ili apate kulipiza kisasi na kurudishiwa haki yake. Huo ni msuko mkongwe: ukodiwaji ni njia tu, na chini yake imo damu ya kiungwana. *Armored Core* iliutupilia mbali msuko huo. Mhusika wake hana ukoo wala sura wala sauti. Ana akaunti. Kila kazi inapokwisha, skrini huonyesha malipo yaliyoahidiwa, kisha hutoa gharama ya risasi, kisha hutoa gharama ya matengenezo, na kinachobaki ndicho chake. Mtu anaweza kushinda vita na akatoka na hasara.

Na hasara hiyo ina mwisho wake. Katika mchezo huo wa 1997, deni la mchezaji likizidi kiasi cha 50,000, kisa hukatika: mdaiwa hufanyiwa upasuaji wa majaribio unaougeuza mwili wake uwe sehemu ya mashine, kisha huanza upya akiwa na uwezo ambao wengine hawana. Wachezaji wengi huichukulia kanuni hii kama siri ya kurahisisha mchezo, nao hujiingiza katika deni kwa makusudi. Sisi tunaiona kuwa ndicho kitovu cha falsafa ya mfululizo mzima. Asiyeweza kulipa kwa fedha hulipa kwa mwili. Mtu huru amerudi katika mzizi m-l-k.

*Armored Core VI* inaanzia pale ambapo ule wa 1997 ulihofia kufikia. Mhusika wake tayari amekwisha kupasuliwa. Hana jina ila nambari, 621, na yuko chini ya mtu aitwaye Walter, ambaye cheo chake tungekifasiri kwa neno ambalo mashamba ya mkonge yalilijua vizuri: mnyapara. Walter ndiye anayezipokea kazi, ndiye anayezieleza, na ndiye anayetoa ahadi kwamba fedha zikitosha 621 ataweza kurudishiwa maisha ya kawaida. Anaingia katika sayari ya Rubicon kwa magendo, na kazi yake ya kwanza ni kupekua mabaki ya majitu yaliyoangamia hadi apate leseni ya rubani mwingine. Akiipata, analichukua jina la rubani huyo, Raven, yaani kunguru, na kuanzia hapo ndilo linalomwezesha kuajiriwa. Kijana wa Gatina hakuhitaji kuelezwa sehemu hii. Alicheka.

Wanaogombea Rubicon ni makampuni mawili makubwa, Balam na Arquebus, na wanachogombea ni Coral, mali ghafi ambayo miaka kama 50 kabla ya kisa iliwahi kuwaka na kuteketeza kila kilichokuwa karibu. Wenyeji nao wana jeshi lao la ukombozi. Mhusika wetu hukodiwa leo kuwapiga wenyeji, kesho hukodiwa na wenyeji hao hao. Katika kazi ya kushambulia bwawa, mchezaji anayeurudia mchezo kwa mara ya pili huletewa katikati ya mapigano ujumbe wa wenyeji, wakimwomba awageuke wenzake wa Balam kwa malipo makubwa zaidi. Hapo fani inafanya kazi ambayo masimulizi ya kawaida hayaiwezi, kwa kuwa msomaji ndiye anayesaini mkataba. Hawezi kumlaumu mamluki bila kujihesabu naye.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba kisa hiki ni kipya kabisa kwetu. Fasihi ya pwani ina jitu lake, na ina mkataba wake. Fumo Liyongo, kama tunavyomjua katika utendi wa Muhamadi Kijuma wa mwaka 1913 na katika masimulizi ya watu wa Pate na Lamu, hakudhuriwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Sultani hakuwa na jeshi la kumshinda, basi akatafuta mtu wa kumkodi, na aliyekodiwa ni mwana wa Liyongo mwenyewe. Aliahidiwa mke na cheo, akaitenda kazi, na ahadi haikumfaa kitu. Wahakiki wetu wamezoea kuisoma sehemu hii kwa dhamira ya usaliti, na wanafunzi huirudia katika mitihani yao mwaka hadi mwaka. Ni usaliti, naam. Lakini ni mkataba pia: kuna mwajiri, kuna kazi iliyoelezwa wazi pamoja na kifaa chake, kuna ujira uliotajwa, na kuna ujira usiolipwa.

Tukiurudia mchezo tukiwa na Liyongo akilini, mojawapo ya miisho yake mitatu inapata uzito mwingine. Katika mwisho huo 621 anachagua kuinusuru Coral, ambayo amegundua kwamba ina uhai na inazungumza naye, na kwa uchaguzi huo anakabiliwa na Walter mwenyewe, sasa naye akiwa ndani ya jitu. Aliyekuwa mnyapara, na kwa kiasi fulani mlezi, anauawa na yule aliyemmiliki. Mwana wa Liyongo alimwua mzazi kwa sababu ya ujira. 621 anamwua mlezi bila kulipwa na mtu, na hicho ndicho kitendo ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Tofauti hiyo ndiyo inayotufanya tuuhesabu mchezo huu kuwa kazi ya sanaa inayostahili mhadhara mzima, hata kama mandhari yake yamejaa milipuko kupita kiasi na mazungumzo yake mengine ni makavu.

Kuna sababu nyingine ya kutoliacha suala hili mikononi mwa wauza michezo. Mwezi Novemba 2025 Serikali ya Kenya ilisema kwamba huenda Wakenya zaidi ya 200 walikuwa wamejiunga na majeshi ya Urusi katika vita vya Ukraine, na habari za waliorudi zilieleza ahadi za kazi za kawaida zilizogeuka kuwa mikataba ya vita. Afrika iliwahi kulitazama jambo hili kisheria: mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa kuukomesha umamluki ulipitishwa Libreville mwaka 1977 na kuanza kutumika mwaka 1985. Sheria hiyo iliandikwa ikimfikiria mzungu anayekuja kupindua serikali. Haikumfikiria kijana wa mjengo anayekwea ndege akiamini anakwenda kulinda ghala. Kwa kumweka huyo wa pili katikati ya kisa, mchezo wa Kijapani umeona jambo ambalo mkataba haukuliona.

Turudi Kibera, kwa kuwa hesabu ya huko ilikuwa haijafungwa. Askari wa Kisudani waliobaki katika utumishi waliingizwa katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaruhusiwa kukaa na familia zao katika msitu wa Kibra, katika eneo la zaidi ya ekari 4,000. Wao waliichukua ardhi hiyo kuwa malipo ya utumishi wao. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa wapangaji wanaokaa kwa hiari yake, na serikali zilizofuata baada ya 1963 hazikuwa na haraka ya kuibadilisha hesabu hiyo. Mwaka 2017 jumuiya ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Ilikuwa imepita miaka 120 tangu wenzao waasi Uganda wakidai ujira.