Kwa nini bata mzinga hufa kuku wakibaki wazima?

Ukitaka kufuga bata mzinga wachache nyumbani kwa ajili ya nyama, wazo la kwanza ni kuwachanganya na kuku wa kienyeji. Si ndege wote tu? Subiri kwanza. Kwetu tulifanya hivyo: vifaranga wa bata mzinga wakazubaa, wakaharisha njano na kufa, kuku wakiendelea kuparua kama kawaida. Bibi alisema ni kijicho cha jirani.

Wafugaji wa Rhode Island, jimbo la Marekani lililosifika kwa bata mzinga, walikutana na balaa hilohilo miaka ya 1890. Waliuita ugonjwa wa kichwa cheusi, ingawa mara nyingi kichwa hakiwi cheusi hata kidogo. Mwaka 1895 Theobald Smith alipasua ndege waliokufa, akakuta ini lenye mabaka ya mviringo na, ndani yake, kimelea cha seli moja.

Mhalifu kaonekana, lakini anasafirije? Hapo ndipo penye utamu. Kimelea hiki ni dhaifu mno. Kikitoka mwilini kikabaki peke yake hufa upesi. Sasa kinawezaje kumsubiri bata mzinga uwanjani miezi na miezi?

Jibu lilichukua miaka 25. Mwaka 1920 Smith na mwenzake Graybill waliwalisha bata mzinga wachanga mayai ya mnyoo mdogo anayeishi kwenye utumbo wa kuku. Wakaugua. Kumbe kimelea hujificha ndani ya yai la mnyoo, na yai hilo hudumu udongoni kwa miaka! Nyungunyungu nao huyameza mayai hayo. Bata mzinga akimdonoa mmoja, kwisha habari. Kuku humbeba mnyoo huyo na kimelea chake, na kwa kawaida hatetereki.

Ndipo wafugaji wakaanza kuwatenga bata mzinga kwenye ardhi isiyokanyagwa na kuku, wengine wakiwainua juu ya sakafu ya waya.

Usidhani huo ni ushauri wa kizamani. Dawa ya mwisho iliyoruhusiwa Marekani kuzuia ugonjwa huu, nitasoni, ilikuwa na aseniki, na iliondolewa sokoni mwishoni mwa 2015. Kwa hiyo hata mfugaji wa huko, mwenye pesa zake, amerudi kwenye uzio. Wewe je, uwanja unaoutaka ulikanyagwa na kuku mara ya mwisho lini?