Superbook (katuni)

Superbook ni mfululizo wa katuni za Kikristo kwa watoto, uliotengenezwa Japani na studio ya Tatsunoko kwa ushirikiano na shirika la CBN la Marekani kuanzia mwaka 1981. Biblia ya ajabu hufunguka yenyewe, huwameza watoto Chris na Joy pamoja na Gizmo, roboti wa kuchezea anayepata uhai, na kuwatupa katika zama za kale; safari ya kwanza ni kwa Adamu na Hawa. Mfululizo dada, The Flying House (1982), ulihamia Agano Jipya. Toleo jipya la Superbook la 2011 limechorwa kwa kompyuta. Wasafiri hawabadilishi Maandiko, hivyo mara nyingi hubaki watazamaji tu, na hapo hadithi hupwaya. Mzazi wa Kisangani anayetaka kuwaonyesha watoto katuni hii aangalie kwanza imetafsiriwa kwa lugha gani: Kifaransa ni cha darasani, nyumbani husikika Kiswahili na Kilingala.