PAKITI ILIYOFUNGWA

Mwaka 1993 Mmarekani Richard Garfield alitoa mchezo wa karata, Magic: The Gathering. Karata zake ziliuzwa kwenye pakiti zilizofungwa. Hujui umepata nini mpaka ufungue. Mwaka 2014 ikatoka Hearthstone, yenye biashara hiyo hiyo mtandaoni, kila pakiti karata tano.

Humo kulikuwa na mlango wa kupitisha muda, na wa kushindania daraja, ambalo lilikuwa likirudishwa chini kila mwezi. Anayepitisha muda simlaumu sana, maadamu ameswali. Namhurumia wa pili. Anapanda, anashushwa, ananunua tena asichokijua. Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) alikataza biashara ya gharar. Kabla hujafungua pakiti nyingine, niambie: umenunua nini?