Gharama za SEO ya nje ya tovuti: Pesa inakwenda wapi hasa?

Mwenye duka, hoteli au kampuni ya utalii akishakuwa na tovuti, hachelewi kupata ujumbe kwenye barua pepe au WhatsApp: linki 1,000 kwa bei ya chakula cha mchana, na tovuti itafika ukurasa wa kwanza wa Google. Wiki hiyohiyo kampuni nyingine inamletea ankara ya mwezi inayozidi kodi ya fremu yake. Wote wawili wanasema wanauza SEO ya nje ya tovuti.

SEO ni kazi ya kuifanya tovuti itokee juu pale watu wanapotafuta kitu mtandaoni. Ile ya ndani inahusu kurasa zenyewe: maandishi, picha, kasi ya kufunguka kwenye simu. Ya nje ni yale ambayo wengine wanasema juu ya biashara. Tovuti nyingine inaweka linki, gazeti linaitaja, wateja wanaacha maoni Google Maps.

Linki ndizo zinazouzwa zaidi, na sababu ni ya zamani. Larry Page na Sergey Brin wakiwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford walibuni PageRank, mfumo unaohesabu linki kama kura, huku kura ya tovuti inayoheshimika ikiwa na uzito zaidi. Google ikawa kampuni mwaka 1998. Leo inatumia vigezo vingine vingi, ila linki bado zimo. Na penye kura hapakosi wanunuzi wa kura.

Unacholipia ni saa za watu

Google hailipwi hata senti kupandisha tovuti kwenye matokeo ya kawaida. Matangazo ni duka lingine kabisa. Kwa hiyo pesa ya SEO ya nje inaishia kwa watu. Kuna anayetafuta tovuti zinazohusiana na biashara, anamwandikia mhariri, anasubiri, anakumbushia. Wengi hawajibu.

Kabla ya hapo lazima pawepo kitu kinachostahili linki. Kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro inaweza kuandaa maelezo ya kina ya njia za Machame, Marangu na Lemosho, yenye picha zake yenyewe. Mwandishi analipwa, mpiga picha analipwa. Juu yake kuna programu za kuchunguza linki kama Ahrefs na Semrush, ambazo vifurushi vyake vya kawaida huzidi dola 100 kwa mwezi. Shilingi ikishuka, gharama inapanda hata kama kazi ni ileile.

Tuseme mkataba ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Miezi 6 ni 3,600,000. Zikipatikana linki 6 kutoka tovuti zinazosomwa na watu, kila moja imegharimu 600,000. Inauma, lakini hiyo ndiyo hesabu ya kweli, siyo idadi ya linki iliyoandikwa kwenye tangazo.

Ada ya kuchapisha

Hapa ndipo wengi wananasa. Baadhi ya tovuti hutoza ada ili kuweka makala yenye linki. Google haikatazi tangazo la kulipia, ila inataka linki hiyo iwekewe alama ya "nofollow", iliyoanza 2005, au "sponsored", iliyoongezwa 2019. Ikiwa na alama, mteja amenunua tangazo na asitegemee kupandishwa. Isipokuwa nayo, amevunja sheria za Google. Zawadi na punguzo la bei kwa kubadilishana na linki vinahesabiwa vilevile.

Kisa maarufu ni cha JC Penney, kampuni ya maduka ya Marekani. Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi ilivyokuwa juu kwenye utafutaji mwingi, kuanzia magauni hadi matandiko. Hata mtu aliyetafuta masanduku ya safari ya Samsonite aliletewa JC Penney kabla ya Samsonite wenyewe. Nyuma yake kulikuwa na maelfu ya linki za kulipia, nyingi kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo. Google ilipochukua hatua, tafuta ya masanduku ilianguka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71. JC Penney ilisema haikujua kuhusu linki hizo, ikaachana na kampuni iliyokuwa ikiifanyia SEO.

Aprili 2012 Google ikaleta Penguin, mfumo wa kukabili linki za ujanja. Tangu 2016 mfumo huo kwa kawaida hupuuza tu linki mbovu. Yaani zile 1,000 za bei chee mara nyingi hazifanyi lolote, pesa inapotea kimyakimya. Adhabu ya mkono wa binadamu bado ipo, na kuiondoa kunataka kusaka linki moja moja, kuomba zifutwe, kisha kuiandikia Google ipitie upya. Hizo nazo ni saa za mtu, zinalipiwa mara ya pili.

Kabla ya kusaini

Kusajili biashara kwenye Google Maps ni bure, na kwa saluni au gereji ya mtaani huenda hiyo ikatosha kuanzia. Anayeahidi nafasi ya kwanza aachwe. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuihakikisha, na kwamba matokeo ya SEO huchukua kati ya miezi 4 na mwaka. Mkataba wa mwezi mmoja, basi, haupimi chochote.

Mteja adai kila mwezi orodha ya tovuti zilizoweka linki, na zipi zililipwa. Akiambiwa hiyo ni siri ya kazi, afungue Google Search Console. Nayo ni bure, na sehemu kubwa ya linki hizo ataikuta humo.