Kutoka dagashida hadi baraza la madiwani: namna sheria ndogo zilivyotungwa Shinyanga na Geita

Sheria ndogo ni kanuni ambazo serikali ya mtaa huzitunga kwa ajili ya watu wa eneo lake pekee: ushuru wa gunia la mpunga, siku za kuzoa taka, faini ya anayechunga ng'ombe ndani ya mji au anayekata miti katika hifadhi ya kijiji. Bunge hutunga sheria za nchi nzima. Sheria ndogo humfikia mwananchi sokoni, kisimani na malishoni. Katika nchi ya Wasukuma, ambako leo ipo mikoa ya Shinyanga na Geita, kazi ya kuketi na kukubaliana kanuni za namna hiyo ilikuwapo muda mrefu kabla ya halmashauri.

Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na tawala nyingi ndogo, kila utemi na mtemi wake, na chini ya mtemi walikuwapo wanangwa waliosimamia vijiji. Mtemi hakutawala apendavyo. Wazee wa ikulu, banang'oma, ndio waliomchagua, na hao hao waliweza kumwondoa nchi ilipoharibika. Vijijini vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewaita kulima, kujenga na kuvuna kwa pamoja. Jambo lililogusa wote, kama malisho, wizi wa mifugo au ugomvi wa mipaka, lilipelekwa kwenye dagashida, mkutano wa hadhara wa wenyeji, na uamuzi wake ulikuwa na nguvu kwa sababu aliyetakiwa kuutii alikuwapo ulipofanywa. Si kila mtu alisikika sawasawa katika mikutano hiyo. Wanawake na wageni walikaa pembeni. Hata hivyo, nguvu ya kanuni ilitoka kwa wenyeji wenyewe.

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alileta sheria ya mamlaka za wenyeji, na utawala wa Kiingereza ukaanza kupita rasmi mikononi mwa watemi. Mtemi akapewa mahakama, hazina na uwezo wa kutoa amri. Kwa sura ya nje ilikuwa heshima. Kwa ndani mizani iligeuka: mtemi sasa alilipwa mshahara, alikusanya kodi, na amri nyingi zilizotoka kwa jina lake zilikuwa zimeandikwa katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Banang'oma wakabaki na matambiko. Aliyeweza kumwondoa mtemi sasa alikuwa Mzungu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watemi wa Usukuma wapatao 50 waliunganishwa katika shirikisho moja lenye makao makuu Malya, Kwimba. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao alikuwa Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha huko Shinyanga; mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Machame walikuwa Waafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Shirikisho hilo ndilo lililotumika kupitishia kanuni za Mpango wa Maendeleo wa Usukuma ulioanza 1947. Wataalamu waliona nchi imejaa watu na mifugo, udongo unachoka, na tiba yao ikawa kuhamishia watu Geita, kwenye mapori yaliyofyekwa ili kufukuza mbung'o, na kuwawekea masharti: kulima kwa matuta yaliyofungwa, kutia samadi, kupanda mihogo ya akiba, kupunguza ng'ombe na kulipa ushuru kila ng'ombe anapouzwa.

Mengi ya masharti hayo yalikuwa na akili ndani yake. Mkulima wa Shinyanga hakuhitaji kuambiwa kwamba udongo unachoka. Kilichomuudhi ni kwamba sharti lilimjia tayari, likiwa na faini, likiletwa na mwanangwa ambaye naye hakuulizwa. Ng'ombe kwa Msukuma ni akiba, ni mahari, ni kinga ya mwaka wa njaa. Kumwambia apunguze kwa amri ni kumfungulia hazina yake bila hodi. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 kanuni hizo zilikuwa zimewapa wapinzani wa serikali hoja kubwa kuliko nyingine yoyote, ingawa TANU, chama kilichopigania uhuru, kilikuwa kimezuiwa kufanya kazi Usukuma tangu 1954.

Moto uliwaka Geita, na uliwashwa na suala la baraza lenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953 iliruhusu kuundwa halmashauri za wilaya zenye wajumbe wa rangi zote, yaani Waafrika, Waasia na Wazungu wakikaa pamoja. Serikali iliiona kuwa hatua ya maendeleo. Geita ilikuwa wilaya mpya ya wahamiaji, Wazungu na Waasia wake wakiwa wachache mno, na watu waliuliza kwa nini wachache hao wapewe viti katika baraza litakaloamua juu ya mashamba, ng'ombe na kodi zao. Mwaka 1958, maelfu ya watu walikataa halmashauri hiyo. Walipoona hawasikilizwi Geita, umati mkubwa ulisafiri hadi Mwanza kupeleka malalamiko kwa wakuu wa jimbo na kupiga kambi huko, mpaka polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Viongozi kadhaa walikamatwa. Lakini baraza lile halikusimama tena, na mpango wa halmashauri za rangi zote ukaachwa. Mwaka huo huo TANU ikaruhusiwa Usukuma. Katika historia ya Uhuru tukio hili hutajwa kwa haraka mno. Yalikuwa maandamano ya wakulima juu ya nani ana haki ya kuketi katika halmashauri ya wilaya, na walishinda.

Uhuru ulipokuja, mamlaka ya watemi yalifutwa kwa sheria mwaka 1963, na halmashauri za wilaya za wajumbe wa kuchaguliwa zikashika shule za msingi, zahanati, barabara za vijijini na visima. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko mfuko. Katika Shinyanga na Geita fedha zilitoka kwenye kodi ya kichwa na ushuru wa pamba. Mvua ilipokosa, halmashauri nayo ilikosa. Mwaka 1969 serikali kuu iliziondolea vyanzo hivyo, na 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa, zikifuatwa na za miji mwaka uliofuata. Mpango huo uliitwa madaraka mikoani. Madaraka kweli yalikwenda mikoani, kwa wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa, lakini diwani alitoweka. Taka zilirundikana mijini, mifereji ikaziba, na kipindupindu cha miaka ya 1970 kilichangia kuishawishi serikali kurudisha mabaraza ya miji mwaka 1978.

Vijijini pengo lilizibwa kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi wakawa mbali, wanavijiji wa Kahama na Shinyanga waliunda sungusungu, jeshi la jadi lenye upinde, filimbi na mikutano yake ya hadhara. Walinzi hao walirudisha usingizi, na pia walifanya maovu, hasa dhidi ya wanawake wazee walioshutumiwa kwa uchawi. Serikali iliwatambua kisheria mwaka 1989. Kwa historia ya sheria ndogo jambo la maana ni hili: kanuni za sungusungu zilitiiwa kuliko za serikali, kwa kuwa zilikubaliwa chini ya mti, kila kaya ikiwa imewakilishwa.

Sheria za serikali za mitaa zinazotumika mpaka leo zilipitishwa 1982: Sheria Namba 7 kwa wilaya, Namba 8 kwa miji na Namba 9 kwa fedha. Halmashauri zilianza kazi tena Januari 1984, na mwaka huo huo zikaingizwa katika Katiba, ibara ya 145 na 146, zisije zikafutwa tena kirahisi.

Mfano bora wa sheria ndogo zilizofaulu katika ukanda huu ulianza miaka miwili baadaye. Shinyanga ilikuwa imekatwa miti kwa mikono mingi: mapori yalifyekwa na kuchomwa zama za ukoloni kupiga vita mbung'o, mashamba ya pamba yakaongezeka, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na malisho waliyoyatunza. Wengine walianza kuuita mkoa huo jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya miti ya kigeni. Baadaye walifanya jambo la busara zaidi, waliuliza wenyeji. Jibu lilikuwa ngitili, sehemu ya malisho ambayo Msukuma huifunga masika ili nyasi zisimame na kuifungulia ng'ombe kiangazi kikikaza. Wakati HASHI inaanza, ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa wakati huo, uliojumuisha pia wilaya ambazo sasa ni Simiyu.

Miti ya ngitili iliota yenyewe kutoka kwenye visiki vya zamani. Kilichohitaji kutungwa ni kanuni: mpaka upite wapi, mifugo iingie lini, kuni zikatwe na nani, faini iwe ngapi. Dagashida zilifufuliwa kwa kazi hiyo, na walinzi wa sungusungu wakasimamia. Kisha makubaliano yakapitishwa njia ya kisheria: halmashauri ya kijiji huandika, mkutano mkuu wa kijiji hukubali, kamati ya maendeleo ya kata hupitia, na baraza la madiwani la wilaya huidhinisha. Hapo mila na sheria zilishikana mikono, na anayevunja aliweza kufikishwa mahakamani. Maswali magumu yalibaki, hasa juu ya ngitili za watu binafsi wenye ng'ombe wengi dhidi ya kaya zisizo na ardhi, na hayo ndiyo yaliyojadiliwa kwa muda mrefu kuliko miti.

Sheria ndogo ya halmashauri nzima huenda njia ndefu zaidi. Rasimu huanzia kwa wataalamu, hujadiliwa katika kamati kama ile ya Fedha, Uongozi na Mipango, huletwa kwenye baraza la madiwani ambalo hukutana angalau kila robo mwaka, hutangazwa ili wananchi watoe pingamizi, hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na huanza kutumika ikichapishwa katika Gazeti la Serikali. Mwenyekiti, au meya katika manispaa, huongoza kikao; mkurugenzi, ambaye ni mteule, ndiye katibu. Hatua ya pingamizi ndiyo dhaifu kuliko zote. Tangazo lililobandikwa ubaoni makao makuu halimfikii mchimbaji mdogo aliye kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu huko Geita.

Dhahabu ilibadili ukubwa wa hoja mezani. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, na Buzwagi ya Kahama 2009. Sheria ya fedha ya 1982 iliwapa madiwani ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, lakini mikataba iliyotiwa saini na serikali kuu iliweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka kwa mgodi. Kwa hiyo madiwani walikuwa na sheria mkononi na mkataba usiopita mezani kwao ukiwafunga. Katika miaka ya 2010 migodi mikubwa ilianza kulipa asilimia 0.3 kamili, na hesabu ikabadilika papo hapo. Wakati huo huo mipaka ilikuwa inachorwa upya. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita uliundwa kutoka vipande vya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kahama ya zamani ikagawanyika kuwa Kahama Mji, Msalala na Ushetu. Kila mpaka mpya ulizaa swali la nani apokee hundi. Ndiyo maana ushuru wa Bulyanhulu, mgodi ulio Msalala mkoani Shinyanga, hugawanywa na Nyang'hwale iliyo Geita.

Malimbikizo ya miaka ya nyuma yalileta tukio zito mwaka 2017, pale madiwani wa Geita walipofunga barabara za kuingia mgodini wakidai ushuru wa huduma. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi na baadhi yao wakakamatwa. Mwaka huo huo marekebisho ya Sheria ya Madini yalizipa halmashauri silaha bora kuliko kufunga barabara: kila mwenye leseni hutakiwa kuandaa mpango wa mwaka wa huduma kwa jamii, ukubaliwe na halmashauri husika na kuidhinishwa nayo. Kabla ya hapo kampuni ilichagua yenyewe ijenge nini. Sasa orodha ya madarasa, zahanati na vivuko hujadiliwa na madiwani, kata kwa kata, na ubishi wa kata zilizo karibu na mgodi dhidi ya zile za mbali huwa mkali. Ni ubishi wa haki, kwani vumbi na malori hayagawanywi sawa.

Wakati uwezo huo ukiongezeka upande mmoja, mwingine umepungua. Barabara za mitaa zilihamia kwa wakala wa serikali kuu, TARURA, mwaka 2017, maji ya vijijini yakaenda kwa wakala mwingine, RUWASA, 2019, na kodi ya majengo sasa hukatwa kupitia malipo ya umeme ya LUKU. Ushuru wa mazao, uliokuwa asilimia 5, ulishushwa mwaka 2017 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Mkulima wa pamba wa Kishapu alipumua. Halmashauri yake isiyo na mgodi wa dhahabu ilibaki ikitafuta pa kuziba pengo. Bado kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Kahama ilipata hadhi ya manispaa mwaka 2021, mwaka ule ule Buzwagi ilipofungwa na ushuru wake kukoma. Eneo la mgodi limetengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi wa viwanda, na baraza la manispaa hutegemea zaidi masoko, maghala ya mpunga na wafanyabiashara wadogo. Hao, tofauti na kampuni ya madini, hawana mkataba wa kuwakinga: ada yao hupangwa katika kikao cha madiwani.